Mwewe wa Junju Alivyofika Adu

Wenzangu wa Dabaso, niliwaaga kwa siku mbili nikarudi siku ya kumi, nimevaa ndala zisizo zangu na leso yangu moja imebaki vipande. Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, nami kila mmoja nimempa kipande cha habari, ndiyo maana sasa mnabishana. Kuna anayesema nilipeleka mgonjwa hospitali, na kuna anayesema nilikwenda kununua kuku wa mbegu. Naandika yote mara moja ili nipumzike. Habari za vibali na simu za kuomba ruhusa ya kumsafirisha ndege wa porini naziruka. Zilikuwepo, zilinichosha, zikaisha.

Junju

Nilikwenda kumsalimu dada yangu Kadzo, basi. Mnajua anafuga kuku wa kienyeji pale kwenye kiwanja alichotuachia mama. Nilipofika nilimkuta uani ameshika panga, na mbele yake mwewe amenaswa kwenye kipande cha wavu wa samaki aliokuwa ameutandaza juu ya banda la vifaranga. Bawa la kushoto la yule ndege lilikuwa limelegea, linaburuta mchangani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Usimguse. Huyu namchinja mwenyewe."

Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huu. Tangu Februari kuku wake watatu walikuwa wametotoa, na vifaranga waliobaki wangeenea wote ndani ya karai moja. Wengine walikuwa wamechukuliwa mbele ya macho yake, saa za mchana, yeye akikimbia na ufagio. Alinionyesha chupa ya dawa ya kunyunyizia mikorosho, ameiweka juu ya kizingiti cha jiko.

"Kesho naloweka matumbo ya kuku humu, natupa juu ya bati," alisema. "Watakula wamalizike wote."

Nilimwambia hawatakula mwewe peke yao. Mbwa wa jirani atakula, paka atakula, na tone likidondoka kwenye pipa la maji sote tutakunywa. Tuligombana, tena kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Mwishowe Kadzo akaniambia.

"Wewe, Sidi, ndege wanakulisha. Wageni wanakuja, unawaonyesha kwa kidole, unakula. Mimi ndege ananilia."

Miaka yote hii nimesimama pale kwenye daraja letu la mbao katikati ya mikoko, nataja majina: yule furukombe, yule kipanga, yule mwewe. Nilikuwa sijajiuliza hata siku moja mwewe anakula nini mwezi ambao hayupo mbele yangu.

Basi nikamwomba mambo mawili. Kwanza anipe huyu aliyevunjika nimpeleke Adu kwa Bwana Charo, yule aliyekuwa afisa wa mifugo kabla ya kustaafu, aliyewahi kumfunga furukombe wetu bawa. Pili, asiifungue ile chupa mpaka nirudi, kwani huko ninakopita nitauliza watu wenye kuku wanafanyaje.

Kadzo aliweka panga chini. Akaenda kuleta tenga dogo la kuku, akatandika gunia ndani.

"Nakungoja," alisema. "Lakini ukirudi bila la maana, usinizuie tena."

Kilifi

Bodaboda alinifikisha barabara kuu, tenga nimelipakata kama mtoto. Hapo nilipata bahati ya kwanza. Pikapu moja iliyobeba samaki wakavu ilisimama, na dereva akateremsha kioo. Alikuwa mtu mzima wa Malindi, wazee wake wametoka Lamu, jina lake Bwana Abubakar. Alinisalimu kwa utaratibu, akaniuliza nyumbani, watoto, afya, ndipo akauliza ninakokwenda. Nilimwambia Adu, na kwamba nina mgonjwa.

"Panda, mama. Mimi naishia Malindi, lakini Malindi ni karibu na Adu kuliko hapa."

Alikuwa na mzigo wa kushusha Kilifi, karibu na soko. Tulikaa pale zaidi ya saa tatu, maana mwenye kupokea mzigo alikuwa amekwenda mazishini. Nilitumia nafasi hiyo kumtafutia mwewe chakula. Mama mmoja muuza samaki, mwenye maneno mengi na kicheko kikubwa, alinipa kibua bure. Nikamkata vipande, nikamwekea. Mwewe aligeuza shingo akatazama ukuta.

"Haiwezekani!" mama yule alisema. "Hawa wananinyakulia vibua mkononi. Wiki iliyopita mmoja kanitoa kilemba."

Wauzaji wakakusanyika. Huyu anasema mpe mkia, yule anasema mpe matumbo, wa tatu anasema samaki awe mbichi zaidi. Yule mama akachukua kipande kimoja, akakiweka pembeni ya meza, akampa kisogo.

"Labda anataka cha kuiba," alisema.

Tulicheka sote. Lakini mwewe hakula, na tulipoondoka saa tisa nilianza kuingiwa na wasiwasi. Ndege mwenye mfupa uliovunjika akikaa na njaa hafiki mbali. Mlioniona nikipita Gede bila kusimama, mkadhani nimewanunia, sasa mnajua. Nilikuwa nimeinamia tenga, nahesabu pumzi za mwewe.

Malindi

Njiani Bwana Abubakar alikuwa amempigia simu mkewe, Bi Salma, kumwambia anakuja na mama mmoja wa Dabaso pamoja na mgonjwa wake. Mimi sikutia neno. Tulipofika kwao, mtaa wa zamani, nyumba zimeegemeana, nilikuta kitanda kimetandikwa shuka jeupe chumba cha mbele, bakuli la uji wa mtama limefunikwa kawa, supu ya kuku iko motoni, na Bi Salma mlangoni amefunga buibui tayari kwenda kumwita daktari wa jirani yake.

"Yuko wapi mgonjwa, maskini? Mtoto?"

Nilifunua gunia. Mwewe akamtazama kwa jicho moja.

Bi Salma alirudi nyuma hatua mbili, akashika mdomo. Kisha akamgeukia mumewe. "Abubakar! Huyu ndiye niliyemchemshia uji?"

Niliona aibu nikataka kujificha ndani ya tenga lenyewe. Niliomba radhi mara tatu. Lakini yeye alikaa kwenye kile kitanda cha mgonjwa akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema uji haupotei. Tukaunywa sisi, na mahamri, na baadaye akatuwekea samaki wa kupaka ambaye mpaka leo nikimkumbuka nameza mate. Nililala kwenye lile shuka jeupe. Kama kuna malipo ya ukarimu wa namna ile, mimi siyajui.

Asubuhi alimletea mwewe maini ya kuku yaliyokatwa vizuri. Hakuyagusa. Bi Salma akachuchumaa kando ya tenga na kumtazama kwa makini, si kwa kicheko tena.

"Mimi hawa nawajua kwa juu ya paa langu," aliniambia. "Wakati wa kaskazi, vyombo vikitoka kila siku, hawanijii hapa. Wote wako kwenye madau, wanaokota vichwa na matumbo ya samaki. Kusi likiingia bahari ikachafuka, ndipo nawaona juu ya bati, na kuku wangu huwafungia ndani. Si wabaya. Meza yao imeondolewa, wanatafuta nyingine."

"Na meza ya sasa ni ipi?" nilimuuliza.

"Ya sasa siijui. Wakitoka hapa huelekea bara, nyuma ya Sabaki. Uwaulize watu wa huko."

Alinifungia mahamri kwenye kitambaa, akaniandikia namba yake ya simu. Ameshanipigia mara mbili tangu nirudi, kuuliza hali ya mgonjwa.

Njia ya Adu

Kutoka Malindi nilipanda lori lililobeba mabati na saruji kwenda Adu, nimekaa mbele kati ya dereva, kijana mpole aitwaye Kahindi, na dirisha. Tulivuka mto Sabaki, maji yake mekundu yamejaa kwa mvua za juu, na hapo ndipo mvua iliyochelewa ilipoamua kuja. Ilinyesha kama imetumwa. Mbele ya Marafa barabara iligeuka tope la kunata, na tulipofika kwenye korongo moja ambalo siku nyingi huwa kavu, tulikuta linapita maji yanayobeba matawi.

Kahindi alizima gari. "Mama, hapa tunangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yaseme."

Tulingoja mchana mzima, tukala mahamri ya Bi Salma na ndizi za Kahindi. Mvua ilipopungua kidogo alinionyesha boma moja juu ya mteremko na kuniambia niende nikaombe hifadhi, yeye atabaki na mzigo. Niliteremka nikavua ndala, maana zilikuwa zimekwisha kazi, nikapanda mlima wa tope peku na tenga kichwani.

Kwa Dama

Mwenye boma alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mikono ya jembe, anaitwa Dama. Alinikaribisha barazani, akanipa maji ya moto ya kunawa miguu. Ghafla mwewe akalia ndani ya tenga. Uso wa Dama ukabadilika.

"Umeleta nini kwangu?"

Nikamwonyesha. Aliliinua tenga na kuliweka mbali, chini ya ukingo wa ghala. Nilielewa kwamba nimemkosea, na kwa haki, kwa sababu uani kwake kulikuwa na vifaranga wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Wadogo kabisa, wa siku chache, wanazagaa kwenye tope bila banda, bila wavu, bila mtu wa kuwachunga.

Nililala pale. Tulikula ugali na mboga ya mchunga iliyoungwa kwa nazi, na Dama alisema maneno machache sana. Nilidhani ana hasira. Asubuhi nilijaribu kumwomba msamaha.

"Sina hasira na wewe," alisema. "Sauti imeniishia kwa kuita ng'ombe kwenye mvua. Tenga nimelitoa kwa sababu paa la baraza linavuja, yule ndege angelowa."

Nilijisikia mjinga, nikafurahi vilevile.

Mwewe alikuwa siku ya tatu bila kula. Nilimdondoshea maji kwa ncha ya kidole, akameza kidogo, akafumba macho. Korongo bado lilikuwa limejaa. Niliwaza kwamba nitamzika pale kwa watu na kurudi Junju na tenga tupu, na kwamba Kadzo atakuwa na haki ya kufanya atakavyo.

Alasiri jua lilitoka. Ardhi ikaanza kufuka mvuke, na kwenye kichuguu kilicho nyuma ya ghala wakatoka kumbikumbi, kwanza mmoja mmoja, kisha kama moshi. Dama na binti zake wakakimbilia mabeseni. Nami nilikuwa nimeshainama kuokota nilipoona kivuli kinapita, na kingine, na kingine. Niliinua kichwa. Mwewe walikuwa wamejaa juu yetu, sijapata kuona wengi vile hata siku moja, wanazunguka chinichini, wanadaka kumbikumbi kwa makucha na kuwala papo hapo hewani.

Nilipiga kelele. "Dama! Vifaranga!"

Hakugeuka hata shingo. "Waache."

"Lakini wata..."

"Waache, nimesema. Tazama."

Nilitazama. Vifaranga walikuwa wazi kabisa uani, nao pia wanadonoa kumbikumbi waliokatika mbawa. Mwewe walipita juu yao chini kiasi kwamba ningeweza kuwagusa kwa ufagio. Hakuna aliyejali kifaranga. Tulisimama pale mpaka jua likawa limelala kwenye vichaka, na hakupotea hata mmoja.

Kisha nikakumbuka tenga. Nilikimbia na kiganja cha kumbikumbi, nikaingiza vidole. Mwewe alifumbua macho. Kumbikumbi mmoja alitambaa kwenye gunia mbele yake, mwewe akamfuata kwa macho, akashusha shingo, akammeza. Akasubiri. Akameza wa pili. Nikajikuta nalia, na binti mdogo wa Dama akamuuliza mama yake kama mgeni ameumwa na siafu.

Dama alikuja kuchuchumaa pembeni yangu na beseni lake zima, akaanza kumlisha mmoja mmoja, kwa uvumilivu ambao mimi sina. Kwa ile sauti yake iliyoisha, akanieleza.

"Sisi hapa tunawafuata wao. Kiangazi watu wakichoma mashamba, mwewe wako mbele ya moto, wanakamata panzi na panya wanaokimbia. Moto ukiisha, ardhi ikawa nyeusi, hakuna kitu. Hapo ndipo anakuja kwa kuku, na hapo mimi sina kifaranga hata mmoja nje. Mayai nayaweka chini ya kuku wakati tunaanza kulima, mawingu yakikusanyika. Wiki tatu. Yakianguliwa, mvua imeshuka, kumbikumbi wametoka, vyura wametoka, mwewe ana shibe. Akija kuona njaa tena, vifaranga wangu wameota mabawa."

"Na mvua ikichelewa?"

"Basi wanachukuliwa," alijibu. "Mwaka juzi walichukuliwa karibu wote. Sikudanganyi kwamba ni dawa. Lakini miaka mingi inakubali."

Niliyaandika hayo kwenye simu, neno kwa neno.

Adu

Maji yalisema siku iliyofuata. Kahindi alikuwa amelala garini siku mbili na hakunilalamikia hata kidogo. Dama alinipa chupa ya kumbikumbi na ndala za binti yake mkubwa. Nilipotaka kukataa, binti mwenyewe alinivalisha.

Bwana Charo alimpokea mwewe bila hata kunikaribisha kwanza, akamlaza mezani, akamfunika kichwa kwa soksi iliyokatwa ncha. Alipapasa bawa polepole. Kisha akanigombeza: tenga ni dogo, gunia linakwaza makucha, na ilikuwa lazima nilifunge bawa tangu Junju kwa kitambaa laini. Nilipokea yote. Nilichana leso yangu vipande pale pale, akalifunga bawa.

"Ataruka?" niliuliza.

"Sikuahidi. Mfupa umevunjika mahali pazuri, lakini siku zimepita nyingi." Akanitazama. "Amekula nini hata yuko hai?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Mimi ningempa nyama," alisema. "Leo nimefundishwa na Dama."

Nilikaa kwake siku mbili nikisaidia kuokota panzi kwenye shamba lake la kunde, kisha nikamwacha mwewe kwake na kuanza kurudi.

Junju tena

Nilipitiliza hadi Junju kabla ya kurudi nyumbani. Huko nako mvua ilikuwa imeanza. Kadzo alinipokea na chai, na kabla sijafungua mdomo akaniambia siku nne nzima hakuna kifaranga aliyeguswa, na hajui kwa nini. Chupa ilikuwa bado imefungwa.

Nilimsomea kila kitu kutoka kwenye simu. Kaskazi na samaki wa Malindi, kusi na mabati ya Bi Salma, mioto ya kiangazi, ardhi nyeusi, mvua na kumbikumbi. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza akawa anakoroga chai iliyokwisha kuchanganyika.

"Umeacha Julai," alisema.

"Julai sikuambiwa."

"Julai wanakata mkonge kule ng'ambo. Mwewe wote wako nyuma ya wakataji, wanaokota mijusi na panya wanaofurushwa. Agosti pia. Miezi hiyo hata mmoja simwoni hapa kwangu."

Nilimkodolea macho. "Tangu lini unayajua haya?"

"Tangu nafuga. Mtu anayekuibia huachi kumtazama, Sidi."

Yeye alikuwa na miezi ambayo mimi, na vitabu vyangu na darubini yangu, sikuwa nayo. Tulikaa tukahesabu mwaka mzima pamoja, yeye akisahihisha, mimi nikiandika. Siku hiyohiyo aliifukia chupa kwenye shimo refu mbali na kisima, akaweka mayai kumi chini ya kuku mwekundu, kwa majaribio, akasema.

Jumatatu iliyopita Bwana Charo alinipigia. Alimfungua mwewe bawa. Mara ya kwanza alianguka kwenye kunde, mara ya pili alifika kwenye mkorosho, akakaa kutwa nzima kama aliyesahau njia. Asubuhi yake akaruka, akaenda upande wa Marafa, anakwenda kombo kidogo, lakini anakwenda.

Nilimshukuru Mungu, nikampigia Bi Salma, akapiga vigelegele kwenye simu. Nikampigia mtu wa karibu na Dama afikishe habari. Kisha nikampigia Kadzo. Nilimweleza yote, mkorosho na kombo na Marafa. Upande wa pili nilisikia kuku tu.

"Kadzo? Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema. "Nilitaka kukuuliza, alipoondoka alikuwa amekula?"